Kumaliza mkopo wa nyumba na kuweka akiba ya uzeeni kwa kipato cha kawaida, hatua kwa hatua

Watu wengi wenye mshahara wa kawaida na mkopo wa nyumba wanabaki na swali moja: hiki kidogo kinachobaki mwisho wa mwezi nikipeleke benki deni lipungue, au nikiweke akiba ya uzeeni? Na wengi wanaishia kutofanya lolote, wanaona kiasi chenyewe ni kidogo mno hakitabadilisha kitu, miaka inakwenda. Kinabadilisha, tena sana, ila kuna mpangilio wake, kipi kianze kipi kifuate, na ukikosea mpangilio unapoteza hela hata kama una nidhamu ya kutosha.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho ili usichanganyikiwe. Mkopo ni 10,000,000, riba 12% kwa mwaka, miaka 20, riba inahesabiwa kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu kila mwezi. Pesa iwe yoyote, hesabu haijali jina la sarafu, wewe weka namba zako. Rejesho la mkopo huu ni 110,109 kila mwezi.

Hatua ya 1: Andika tarehe mbili kwenye karatasi moja

Tarehe ya rejesho lako la mwisho, na tarehe utakayoacha kupokea mshahara. Basi. Kama rejesho la mwisho linakuja baada ya mshahara kuisha, hilo ndo tatizo namba moja na kila kitu kingine kinapangwa kulizunguka, kwa sababu hapo unapanga kulipa deni kwa pensheni, au kwa kiinua mgongo, na kiinua mgongo kikiingia benki kulipa deni hakirudi tena. Kama rejesho la mwisho linakuja miaka mitano au zaidi kabla ya kustaafu, una nafasi nzuri kuliko unavyodhani, utaona mbele.

Hatua ya 2: Omba jedwali la marejesho ulisome mstari kwa mstari

Benki ina jedwali linaloonyesha kila rejesho limegawanywaje, kiasi gani riba, kiasi gani deni la msingi (ile hela yenyewe uliyokopa, bila riba), salio linabaki ngapi. Omba, ni haki yako kujua. Kwenye mfano wetu mstari wa kwanza unasoma hivi: rejesho 110,109, riba 100,000, msingi 10,109, salio 9,989,891. Mstari wa pili: riba 99,899, msingi 10,210. Yaani katika kila unachotoa mwezi wa kwanza, deni limeguswa na elfu kumi tu na kitu, nyingine yote ni riba. Ukilipa mwaka mzima utakuwa umetoa zaidi ya 1,321,000 na deni limepungua kwa 128,000 hivi. Ukilipa miaka 10, nusu ya safari, bado unadaiwa karibu 7,675,000. Watu wakiliona hili wanadhani benki imewaibia, hapana, ndivyo riba ya salio inavyofanya kazi, deni likiwa kubwa riba inakuwa kubwa.

Lakini angalia upande wa pili wa jambo hilohilo. Ukilipa rejesho la kwanza halafu ukaongeza 10,210 juu yake, umefuta mstari wa pili wote. Ile riba ya 99,899 iliyokuwa inakusubiri kwenye mstari huo hutailipa kamwe, mkopo unaisha mwezi mmoja mapema. Sasa nenda mwezi wa 200 kwenye jedwali hilohilo, riba ni kama 36,900 na msingi kama 73,200, kwa hiyo kufuta mstari mmoja kunakugharimu zaidi ya elfu sabini na unaokoa elfu thelathini na kitu tu. Ndo maana kidogo cha mapema kinazidi kikubwa cha mwishoni, na ndo maana mtu wa kipato kidogo asisubiri mpaka apate kikubwa.

Hatua ya 3: Muulize afisa mikopo maswali haya, na majibu yawe kwa maandishi

Riba yangu inahesabiwa kwa salio linalopungua au ni ya flati? Hili usiliruke. Riba ya flati inahesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho hata kama umeshalipa nusu. Mkopo wa miaka 5 wa flati 10% kwa kweli ni sawa na karibu 17% ukihesabu kwa salio linalopungua, na kwenye mkopo wa namna hiyo kulipa ziada kunaweza kusikusaidie kitu mpaka ulipe wote kwa mkupuo na wakubali kukupunguzia riba ya mbele.

Riba ni ya kudumu au inabadilika? Ikiwa inabadilika, uwe na nafasi kwenye bajeti ya rejesho kupanda.

Kuna faini ya kulipa mapema? Wengine wanatoza asilimia ya kiasi unachotanguliza, wengine wanatoza miaka ya mwanzo tu, wengine hawatozi kabisa. Ikiwa faini ni ndogo na riba ni kubwa bado inalipa, ila piga hesabu kwanza.

Nikilipa ziada inakwenda wapi? Hapa ndo watu wanapoumia. Benki nyingine ikiona hela imezidi inaiweka pembeni kama malipo ya mwezi ujao, deni la msingi haliguswi, riba inaendelea vilevile. Unatakiwa uandike wazi kwamba hela hii ni ya kupunguza deni la msingi, na unataka rejesho libaki lilelile muda wa mkopo upungue. Wakikupunguzia rejesho badala ya muda utapumua kidogo kila mwezi lakini riba utakayookoa ni ndogo zaidi. Mwezi unaofuata chukua stetimenti uhakikishe salio limeshuka kama ulivyotegemea.

(Waliochukua nyumba kwa murabaha, yaani utaratibu wa Kiislamu ambapo benki inanunua nyumba na kukuuzia kwa faida badala ya kutoza riba, kwenu hesabu ni nyingine, bei ya mauzo ilishapangwa siku ya mkataba, kwa hiyo swali lenu ni moja, mkimaliza mapema mtasamehewa sehemu ya faida au hapana. Kama hamtasamehewa basi ziada yenu iende moja kwa moja kwenye akiba.)

Hatua ya 4: Kabla ya ziada yoyote, mfuko wa dharura na madeni ghali

Hela ukishaiingiza kwenye deni la msingi hairudi. Ukiugua au kazi ikisimama benki haitakwambia mbona mwaka jana ulilipa zaidi, pumzika miezi mitatu, wanataka rejesho la mwezi huu. Kwa hiyo anza kwa kuweka pembeni kiasi cha rejesho moja, halafu mawili, lengo ni matumizi ya miezi mitatu pamoja na marejesho ndani yake, sehemu unayoweza kuitoa siku hiyohiyo lakini sio kwenye akaunti ya matumizi ya kila siku. Itachukua muda, sawa tu.

Na kama una mkopo wa simu au wa haraka haraka wenye riba ya 5% kwa mwezi, huo ni 60% kwa mwaka hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba. Hakuna akiba yoyote duniani ya uhakika inayolipa hivyo. Ua hilo deni kwanza, la nyumba lenye 12% linaweza kusubiri likilipwa rejesho lake la kawaida.

Hatua ya 5: Chukua kila hela ambayo mwajiri yuko tayari kukuongezea

Kuna mifuko ya pensheni ambapo ukichangia zaidi ya kiwango cha lazima na mwajiri naye anaongeza, pengine nusu ya unachoweka, pengine sawa kwa sawa. Kama kazini kwako ipo, hii inatangulia kabla ya kupunguza mkopo, na siongei kwa hisia, nitaonyesha hesabu.

Tuseme una ziada ya 10,000 kwa mwezi na umebakiza miaka 20 ya mkopo na ya kazi.

Njia ya kwanza: unaiweka akiba peke yako bila nyongeza ya mtu, inazaa 8% kwa mwaka. Baada ya miaka 20 una karibu 5,890,000.

Njia ya pili: unaipeleka kwenye deni la msingi. Mkopo unaisha miezi 180, yaani miaka 15 badala ya 20, na umeokoa riba ya karibu 4,850,000. Halafu ile 120,109 uliyokuwa unalipa unaielekeza yote kwenye akiba kwa miaka 5 iliyobaki kwa 8% ileile, unamaliza na karibu 8,825,000.

Njia ya tatu: unaiweka kwenye mfuko ambao mwajiri anaongeza sawa kwa sawa, kwa hiyo zinaingia 20,000 kila mwezi, 8%, miaka 20. Unamaliza na karibu 11,780,000.

Umeona mpangilio wenyewe? Nyongeza ya mwajiri kwanza, ikiisha hiyo, mkopo wa 12% unashinda akiba ya 8%. Na sababu ni rahisi tu, kila unachopunguza kwenye mkopo wa 12% ni kama umekiwekeza mahali panapolipa 12% bila wasiwasi wa kupata hasara. Ila sasa kama mkopo wako ni wa riba ya chini, tuseme 5%, na kuna uwekezaji salama kama hati fungani za serikali (unaikopesha serikali nayo inakulipa riba) unaolipa zaidi ya hapo hata baada ya kodi, geuza, lipa rejesho la kawaida ziada iende akiba. Linganisha riba na riba, baada ya kodi na gharama, usisikilize mtu anayesema deni ni baya siku zote wala anayesema deni ni zuri siku zote.

Ile njia ya pili ina sharti moja ambalo wengi wanaanguka hapo: hiyo 120,109 ihame kweli siku mkopo unapoisha. Ikibaki kwenye akaunti ya matumizi miezi miwili tu, itakuwa imeshapata kazi nyingine. Kama unajijua kwamba huwezi, gawanya tangu sasa, nusu deni nusu akiba, utapoteza kidogo kwenye hesabu lakini utafika.

Hatua ya 6: Tafuta ziada ndogo ya kudumu badala ya kubwa ya kubahatisha

Sio lazima iwe 10,000. Nusu yake, 5,000 kila mwezi kwenye mfano wetu, inakumalizia mkopo miezi 204, yaani umepunguza miaka 3 kamili, riba uliyookoa ni zaidi ya 2,900,000. Hiyo 5,000 ni chini ya 5% ya rejesho lenyewe.

Kwa mtu wa kipato kidogo ziada inapatikana sehemu chache na ni vizuri kuziamulia mapema kabla hela haijaingia. Mshahara ukipanda, nusu ya kilichopanda iende kwenye deni au akiba kabla hujazoea kuitumia. Rejesho la mkopo wa riba ya kudumu halipandi bei, miaka mitano ijayo kila kitu kitakuwa kimepanda isipokuwa lenyewe, kwa hiyo kila mshahara unapoongezwa rejesho linazidi kuwa jepesi na ule wepesi ndo ziada yako. Bonasi, malimbikizo, marejesho ya kodi, hizo ni za mara moja moja, gawa kabla hazijafika, mfano theluthi mbili deni theluthi moja ya familia. Kama unalipwa kila wiki mbili, lipa nusu rejesho kila unapopokea (kama benki inakubali), mwaka una wiki 52 kwa hiyo utatoa nusu 26, sawa na marejesho 13 badala ya 12 na hutahisi uzito wake.

Wenye chumba cha kupangisha, hiyo kodi ya pango nashauri iende moja kwa moja kwenye mkopo, isipite mkononi.

Weka agizo la kudumu benki, siku ya mshahara au kesho yake, hela ihame yenyewe. Ukisubiri kuona kitakachobaki, hakitabaki.

Ukitaka kujipigia hesabu mwenyewe fungua Eksel, andika =PMT(12%/12,240,-10000000) utapata rejesho, halafu =NPER(12%/12,-115109,10000000) utapata miezi itakayobaki ukiongeza 5,000. Badilisha riba, miezi na salio weka zako. Inachukua dakika tano na ni bora kuliko kuamini mdomo wa mtu yeyote, hata wangu.

Hatua ya 7: Jua unahitaji kiasi gani uzeeni

Usianze na mamilioni makubwa yatakutisha. Anza na matumizi ya mwezi ya mtu ambaye nyumba yake imeisha kulipwa, maana rejesho halitakuwepo, tuseme 60,000 kwa bei za leo. Ondoa pensheni unayotegemea kupata, tuseme 35,000. Pengo ni 25,000 kwa mwezi, 300,000 kwa mwaka. Zidisha mara 25, unapata 7,500,000 kwa bei za leo, hiyo ndo akiba ya kulenga.

Hiyo mara 25 inatokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani William Bengen ya mwaka 1994, alipitia historia ya hisa na hati fungani za nchi ile akaona mtu akitoa 4% ya akiba yake mwaka wa kwanza kisha akapandisha kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, hela ilidumu walau miaka 30. Ni kipimo cha kuanzia tu, mahali ambapo bei zinapanda kwa kasi au uwekezaji unayumba lenga zaidi ya mara 25.

Sasa mfumuko wa bei, hapa usijidanganye. Ukiweka 5,000 kila mwezi kwa 8% miaka 30 unapata karibu 7,450,000, na ulichotoa mfukoni ni 1,800,000 tu, inapendeza. Lakini bei zikipanda 5% kwa mwaka, baada ya miaka 30 vitu vitakuwa vimepanda zaidi ya mara 4, kwa hiyo hiyo hela itanunua vitu vya kama 1,724,000 ya leo. Ndo maana mchango usibaki 5,000 miaka yote, uupandishe kila mwaka angalau kwa kasi ya bei. Na ndo maana akiba ya miaka mingi haifai kulala kwenye akaunti ya kawaida inayolipa chini ya mfumuko wa bei.

Kuchelewa nako kuna bei. Hiyohiyo 5,000 kwa miaka 20 badala ya 30 inatoa karibu 2,945,000, umepunguza theluthi moja ya muda umepoteza zaidi ya nusu ya hela.

Hatua ya 8: Kagua mfuko wako wa pensheni na gharama zake

Chukua stetimenti ya michango angalau mara moja kwa mwaka. Angalia kama makato ya kwenye hati ya mshahara yamefika kweli kwenye mfuko wa pensheni, miezi yote, maana mwajiri anaweza kukata asipeleke na wewe ukaja kujua siku ya kustaafu wakati kampuni ilishafungwa. Angalia jina limeandikwa sawasawa na kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na warithi uliowaandika, kama uliwaandika kabla ya kuoa au kuolewa nenda ukabadilishe. Uliyejiajiri, uliza kama kuna mpango wa hiari, mifuko mingi inao.

Akiba ya ziada nje ya mfuko, watu wengi wanatumia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambapo unanunua vipande kwa kiasi kidogo kidogo. Nzuri, ila uliza ada ya mwaka. Uwekezaji unaozaa 8% ukitozwa ada ya 1% unabaki na 7%, ukitozwa 2% unabaki na 6%. Kwa 5,000 kila mwezi miaka 30, wa kwanza anapata karibu 6,100,000, wa pili karibu 5,023,000. Asilimia moja imeondoka na milioni moja na zaidi. Anayekuahidi 5% kwa wiki muache aende, hata akiwa ndugu.

Hatua ya 9: Mambo yakibana, au kama umri umeenda

Kipato kikishuka, nenda benki kabla hujakosa rejesho hata moja. Mtu ambaye hajachelewa bado anasikilizwa, wanaweza kuongeza muda au kukuachia ulipe riba tu kwa kipindi. Ikitokea benki nyingine inatoa riba ya chini unaweza kuhamisha mkopo, lakini jumlisha gharama zote, tathmini ya nyumba, wakili, usajili, faini ya kuondoka, kisha gawanya kwa kiasi unachookoa kila mwezi. Ikitoka miezi 18 na umebakiza miaka 12, hama. Ikitoka miezi 60 na umebakiza miaka 6, kaa ulipo.

Aliyebakiza miaka michache kustaafu na deni bado kubwa, hapa mimi nina msimamo: usikimbilie kutoa akiba yote ya uzeeni ulipe nyumba ubaki na kuta. Angalia kwanza kama unaweza kufanya kazi mwaka mmoja au miwili zaidi, kupangisha sehemu, au kuuza nyumba kubwa ununue ndogo bila mkopo. La mwisho linauma, najua nyumba ni zaidi ya hela, lakini nyumba ndogo isiyodaiwa pamoja na akiba kidogo ni usingizi bora kuliko nyumba kubwa yenye barua za benki mlangoni. Na mjadiliane wawili, mwenza asijue habari za deni siku ya mnada.

Hatua ya 10: Siku ya rejesho la mwisho

Omba barua ya kiasi cha kumaliza mkopo kwa tarehe maalum, kwa sababu salio la kwenye stetimenti na kiasi cha kufunga huwa vinatofautiana kwa riba ya siku. Ukilipa, dai barua ya kuthibitisha mkopo umefungwa, dai hati ya nyumba irudi mkononi, na hakikisha rehani imefutwa kwenye daftari la ardhi, sio benki tu kusema tumemalizana. Kama ulikuwa unakatwa bima ya mkopo kila mwezi, hakikisha makato yamesimama, na kama bima ya nyumba yenyewe ilikuwa inapitia benki, kata yako mwenyewe kabla ile haijaisha. Wiki hiyohiyo badilisha agizo la kudumu, kiasi kilekile, tarehe ileile, ila namba ya akaunti iwe ya mfuko wako wa uzeeni.